Pikipiki ya Theluji Iliyompandisha Mama Mkwe

Mume wangu alizaliwa kwenye milima ya Kivu Kusini, juu kabisa, mahali ambapo ukifungua mlango asubuhi ukungu unaingia ndani bila kupiga hodi. Mimi nilizaliwa Uvira, chini, kando ya ziwa, kwenye joto na samaki wadogo wa ndagala. Tulikutana Columbus, tukaoana huko, kisha tukahamia Buffalo kwa sababu yeye alipata kazi kwenye kiwanda cha vipuri, na mimi nikapata kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao karibu na barabara ya Bailey. Maisha yalikuwa mazuri, ila mume wangu alikuwa na lalamiko moja lisilokwisha: Buffalo haina hata kilima cha kumchosha mbuzi.

"Hii inchi iko kama meza," alikuwa akisema, amesimama dirishani. "Mutu atapumuzisha macho wapi?"

Majira ya baridi ya 2016 yalipoanza, alinipigia simu kutoka kazini, sauti imejaa furaha. "Wee mama, leo ninaleta moto."

Kwa Kiswahili chetu cha Kongo pikipiki huitwa moto. Lakini nyumba yetu ilikuwa na baridi, na mimi nikafikiri amepata hita ya sebuleni. Nikasogeza makochi kuitafutia nafasi. Jioni nikasikia honi. Nilipochungulia, niliona trela imesimama mbele ya nyumba, na juu yake kitu chekundu kilichochubuka rangi. Mbele kilikuwa na miguu miwili kama mbao za kuteleza, nyuma kina mkanda mpana wa mpira kama wa tingatinga, na katikati kiti kirefu cha pikipiki. Mzee mmoja aliyefanya naye kazi kiwandani alikuwa anahamia Florida, na Florida mtu hana haja ya pikipiki ya theluji. Alimwachia mume wangu kama anavyoachiwa mtu paka.

"Injini yake iko kidogo," mume wangu alisema akiipapasa, "lakini iko na roho."

Jumapili baada ya ibada tulianza kwenda nje ya mji, upande wa kusini, kwa mkulima mmoja aliyeturuhusu kuzunguka kwenye mashamba yake yaliyolala chini ya theluji. Mimi nilijifunza kuendesha kwa sababu ya baridi tu. Ukisimama kando kumtazama mwenzako akifurahi, unaganda. Gesi iko mkono wa kulia, unaikandamiza kwa kidole gumba. Kwenye kona unaegemea. Ukiiogopa inakuyumbisha, ukiiamini inakwenda. Nilijikuta naipenda, ingawa sikumwambia mtu yeyote kanisani.

Lakini shamba lilikuwa tambarare, na mume wangu akaanza tena kusimama dirishani. Kazini walikuwa wamemwambia kwamba magharibi, Colorado, kuna milima ambayo theluji yake inafika kwenye paa za nyumba, na watu huipanda kwa pikipiki kama hizi. Akaomba likizo. Akanunua ramani ya karatasi, ingawa simu ilikuwa na ramani, akaitandaza sakafuni na kuchora njia kwa kalamu: Buffalo, Columbus, Louisville, kisha magharibi moja kwa moja.

"Louisville ya nini?" nikauliza.

"Kusalimia Mama. Siwezi kupita karibu na mama yangu kama gari ya barua."

Mama mkwe wangu alikuwa akiishi Louisville na binti yake, yaani wifi yangu. Nilikuwa nimemwona mara chache tu tangu harusi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache, na nilimwogopa. Hakuwahi kunifanyia baya. Ila nilijua kwamba kabla ya harusi alikuwa ameuliza, mbele za watu, kama msichana wa bondeni ataweza kumtunza mtoto wa mlimani. Tangu hapo nilimhudumia kwa adabu zote nilizofundishwa: sikutamka jina lake, sikuketi kitandani kwake, sikula mbele yake. Naye alinijibu kwa adabu vilevile. Tulikuwa kama wageni wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia.

Tulifika kwanza Columbus, kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anayeishi Whitehall kwenye majengo yale ya ghorofa mbili yenye maegesho mapana. Alitoka nje na sahani ya wali mkononi, akaizunguka trela yetu akitafuna.

"Donc, yaani unatoka Buffalo mpaka Colorado na hii?" akamwuliza mdogo wake.

"Na hii."

"Hii hata ngazi ya kanisa haipande." Kisha akanigeukia mimi. "Shemeji, pole sana. Ungejua, ungeolewa na mimi." Mke wake akamtupia kitambaa cha jikoni, na asubuhi yeye huyohuyo aliyetucheka alitupatia suruali zake mbili nene za kazi na koleo la kuondolea theluji.

Louisville tulikuta wifi amepika, na Mama ameketi sebuleni amejitanda kitenge. Tulikula, wao sebuleni na mimi jikoni, na mume wangu akaeleza safari yetu. Alipotamka neno milima, Mama aliweka kikombe chini.

"Milima namna gani?"

"Mirefu, Mama. Kuliko ya kwetu."

"Kuliko ya kwetu hapana," akasema Mama. "Na munaenda lini?"

"Kesho asubuhi."

"Juu ya nini munaniacha?"

Alikuwa anauliza kwa nini tunamwacha, na wifi alianza kucheka akidhani ni mzaha. Mama hakucheka. Tangu ashuke kutoka kwenye milima yao wakati wa vita, alikuwa ameishi kambini kwenye vumbi, kisha Kentucky. Miaka yote hiyo hakuwa ameona mlima kwa macho yake. Aliinuka, akaingia chumbani, na tulimsikia akifungua kabati. Wifi alimwambia kuhusu magoti, kuhusu dawa za presha, kuhusu baridi. Sauti ya Mama ilitoka kule ndani, tulivu: "Presha yangu itakuja na miye."

Kwa hiyo tulikuwa watatu kwenye pikapu yenye kiti kimoja kirefu, mume wangu kwenye usukani, Mama dirishani, na mimi katikati. Bega langu liligusana na bega la mama mkwe wangu kuanzia Kentucky. Nilijikunja mpaka kiuno kikaniuma. Na tatizo kubwa lilikuwa chakula. Wifi alikuwa ametufungia maandazi na nyama ya kukaanga, na harufu ilijaa garini. Mama alikula, mume wangu alikula, mimi nilisema nimeshiba. Kila tuliposimama kuweka mafuta nilikwenda chooni na kutafuna biskuti nikiwa nimesimama. Tulivuka Missouri hivyo. Tukaingia Kansas, ambako hakuna kitu cha kutazama ila anga, na tumbo langu likaanza kunguruma kwa sauti iliyoshinda redio.

Mama aligeuza kichwa. Akafungua mfuko, akatoa andazi, akaliweka kwenye paja langu.

"Kula."

"Mama, nimeshiba."

"Mutoto, unataka tukuzike hapa? Hapa hata jiwe la kuweka juu ya kaburi hakuna." Akaangalia mbele, barabarani. "Mi sikutazame. Kula."

Mume wangu alicheka mpaka gari likayumba. Nilikula andazi lile, kisha la pili, kisha nyama, na Mama akaendelea kutazama barabara kana kwamba ndiye dereva.

Milima ilipotokea, mara ya kwanza tulidhani ni mawingu. Ilikaa mbali muda mrefu, kisha ghafla tukawa ndani yake, barabara ikijipinda na theluji imerundikwa kandokando kama kuta. Mama alifungua dirisha kidogo, akavuta pumzi kwa pua, akalifunga. Mimi kichwa kilianza kuniuma. Tulipofika kwenye mji mdogo tuliokusudia na kushuka mbele ya moteli, nilipanda ngazi na begi moja na nikalazimika kuketi katikati kama bibi kizee. Mama alinipita polepole, mikono nyuma.

"Huku munapumua kidogo-kidogo," alinifundisha. "Hewa yenyewe iko kidogo. Ukiifukuza itakimbia."

Kesho yake tuliipeleka pikipiki yetu kwa fundi aliyekuwa na karakana mwanzoni mwa njia ya msituni. Alikuwa mtu mpole mwenye ndevu nyeupe, na nje ya karakana yake zilikuwa zimepangwa pikipiki za wateja, ndefu, zenye mikanda yenye meno marefu kama vidole. Yetu ilipowashwa ilitoa moshi mzito, ikakohoa, ikazima. Fundi alitabasamu kwa huruma, akatueleza kwa Kiingereza cha taratibu.

"Injini nayo inapumua. Kule kwenu chini hewa ni nzito, huku ni nyepesi. Kabureta bado inamimina mafuta kama ilivyozoea, hewa haitoshi kuyachoma, basi inazama ndani ya mafuta yake yenyewe. Nitapunguza mafuta, nitagusa na klachi. Itaacha kukohoa. Lakini siwadanganyi, nguvu inayopotea kwa sababu ya kimo hairudi. Ni pikipiki ndogo, na huku juu ni ndogo zaidi."

Alipokuwa akibadilisha vijeti vya kabureta, vile vitundu vya kupitishia mafuta, alituonya tusisogelee miteremko mikali iliyo wazi, kwa maana theluji yake huporomoka. Tushike barabara ya msituni iliyoshindiliwa na mashine, inayopanda hadi kwenye mgongo wa mlima. Tuchukue mwendo kabla ya mwinuko, kwa sababu katikati hatutaupata tena. Tukisikia injini inalegea, tugeuze pua kuelekea chini mapema. "Ikisimama pua ikiwa juu," alisema, "mtachimba."

Nilimtafsiria Mama yote. Aliitazama pikipiki na kusema, "Masikini. Iko kama huyu," akanionyesha mimi kwa kidevu. "Ya bondeni." Lakini sauti yake haikuwa na ukali, na nilishangaa kujiona nacheka.

Mume wangu alisikia maneno ya fundi, lakini hayakumwingia. Nyuma ya maegesho kulikuwa na kilima kifupi cha mazoezi, na vijana walikuwa wakikipanda moja kwa moja kwa pikipiki zao kubwa, theluji ikiruka nyuma yao kama unga kinuni. Alivaa helmeti, akarudi nyuma, akakimbilia kilima pua mbele. Mume wangu ni mtu mkubwa. Kanisani akiketi upande mmoja wa benchi, watoto wa upande mwingine wanajikuta wameinuka. Pikipiki ilipanda kwa kelele, ikapunguza, ikalia, na katikati ya kilima ikasimama. Mkanda ukazunguka palepale na kujichimbia shimo mpaka nyuma yote ikazama.

Alichimba kwa koleo la kaka yake. Akashuka, akajaribu tena, ikasimama chini ya pale pa kwanza. Mara ya tatu aliinyoosha kwa hasira, ikalala ubavu, naye akabingirika hadi chini kama gunia la mihogo. Vijana wale walikuja kumsaidia kwa moyo mwema kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Alirudi kwetu amelowa mpaka kifuani. Mama alikuwa amesimama, amevaa suruali nene ya shemeji na kitenge amekifunga juu yake.

"Bon, haya," akasema. "Umefika wapi?"

"Pale."

"Pale minapaona. Kule je?" Akaelekeza kidevu juu, kwenye mgongo wa mlima nyuma ya misonobari.

Jioni ile, tukila supu moteli, mume wangu alisema labda turudi kesho. Alisema kaka yake alikuwa amesema kweli, amewavuta wanawake wawili kutoka upande mwingine wa Amerika kuja kumwona akichimba theluji, kazi ambayo angeweza kuifanya Buffalo mbele ya mlango wake. Alisema kwa mzaha, lakini nilimjua, alikuwa amevunjika moyo. Nilitaka kumshika mkono, ila Mama alikuwepo.

Mama alimaliza supu yake taratibu.

"Wewe uko muzito," akamwambia. "Ulikuwa muzito tangu kuzaliwa, minakumbuka vizuri. Moto yenyewe haina mbaya. Wacha mwenzako aiendeshe."

"Nani?"

"Huyu. Iko mwepesi. Na miye niko mwepesi. Tutaenda sisi wawili."

Nilisema siwezi. Nilisema ninaumwa kichwa, na kwamba nimezoea shamba la tambarare. Nilikuwa naogopa mlima, na zaidi ya mlima niliogopa kumwangusha mama wa mtu. Yeye aliniangalia usoni, jambo ambalo hatukuwa tumezoea, akaniuliza swali moja: "Unajua kuiendesha ao haujue?"

"Najua, Mama."

"Bon."

Asubuhi theluji ilikuwa imeganda ngumu na jua linawaka. Mume wangu alitukagua mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Aliweka plagi ya akiba mfukoni mwangu, akamfunga mama yake helmeti juu ya kitambaa cha kichwa, akanirudia maneno ya fundi kana kwamba ni yake. Sikuona hata chembe ya wivu usoni mwake. Alikuwa na wasiwasi, na chini ya wasiwasi kulikuwa na kitu kama fahari. Mama akaketi nyuma yangu, akanizungushia mikono kiunoni. Ilikuwa mara ya kwanza kunikumbatia.

Barabara iliingia msituni na kuanza kupanda. Haikuwa kali mwanzoni. Injini iliimba sauti moja, nyembamba, kama mtu anayejikaza asikohoe. Watu wenye pikipiki kubwa walitupita wakitupungia mkono, na Mama aliwapungia kama mke wa rais. Nilijifunza haraka. Nikiona mwinuko mbele, nilikandamiza gesi nikiwa bado kwenye usawa, tukaingia na mwendo wetu, na ulipokuwa unakwisha ndipo mwinuko nao unakwisha. Kwenye kona niliegemea, na Mama aliegemea nami bila kuambiwa.

Kisha tulifika mahali barabara iliposimama kama ukuta. Pengine haikuwa ukuta, lakini kwangu ilikuwa. Niliingia na mwendo wote niliokuwa nao. Tulipanda, tukapanda, halafu nikasikia sauti ya injini inashuka, inalegea chini ya kidole changu ingawa nilikuwa nimekandamiza hadi mwisho. Moyo wangu ulisema ngoja kidogo, labda itafika. Nikakumbuka koleo. Nikakata upande, nikageuza pua, tukateremka hadi pale penye usawa, na nikagundua kwamba nilikuwa nimeacha kupumua.

Nilijaribu tena, nikaanzia mbali zaidi. Tulilegea palepale.

"Simamisha," akasema Mama sikioni mwangu. Nilisimamisha. Akashuka, akavua helmeti, akanipa. "Enda na moto yako. Miye nitapanda na miguu."

"Mama, hapana! Magoti yako! Presha!"

"Mulima nimeuona kabla yako."

Akaanza kutembea. Alishika pembeni ya barabara, mikono nyuma, hatua fupi, mwili umeinama mbele kidogo, kitenge chake kinang'aa kwenye weupe ule wote. Hakuharakisha wala kusimama. Nilimsikia akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, mstari mmoja kwa kila hatua chache, ili pumzi itoshe. Nilibaki nikimtazama mpaka alipogeuka na kunikemea: "Unangoja nini?"

Nikiwa peke yangu pikipiki ilipanda. Ililegea, ikalia, ikasitasita pale penye ukali kabisa. Nikainuka kwenye kiti na kuegemea mbele kama mtu anayemsukuma ng'ombe mkaidi, ikatoka. Juu yake palikuwa na usawa. Nilizima injini, nikashuka, na mara kichwa kikazunguka nikatapika kwenye theluji. Nilikuwa bado nimeinama Mama alipofika. Hakuwa akihema kuliko mimi. Alinisugua mgongo kwa kiganja kipana, duara baada ya duara, kama anavyosuguliwa mtoto mwenye tumbo, mpaka ikapita.

"Pole, mwanangu," alisema. Mpaka siku ile alikuwa akiniita mutoto tu, neno analomwita kila mtu, hata mhudumu wa moteli.

Sehemu iliyobaki ilikuwa fupi. Msitu uliisha na tukatokea kwenye mgongo wa mlima, upande wa pili ukafunguka. Milima nyuma ya milima, na nyuma yake mingine, ya bluu, kisha ile ambayo huwezi kusema ni mlima au ni anga. Upepo ulikuwa mdogo. Mama alisimama muda mrefu. Nilingoja alie, nikawa nimejiandaa kumpa leso, lakini hakulia. Alianza kukagua. Aliuliza chini ya theluji hii majani yake yakoje, na maji yako upande gani. Akanionyesha bonde moja na kusema pale ng'ombe wangekaa vizuri wakati wa kiangazi, lakini lile lingine hapana, lina ubaridi wa jioni. Akaniambia namna alivyovuka mlima kwa ukungu, mume wangu mgongoni mwake akiwa mchanga, wakihamisha ng'ombe, na jinsi mtoto huyo alivyolia njia yote kwa sababu alitaka kushuka atembee, naye hata kusimama hajui.

Kisha, bila kunitazama, aliuliza: "Mama yako iko wapi sasa?"

Hakuwahi kuniuliza. Nilimwambia yuko Bujumbura, anaishi na mdogo wangu, anangoja karatasi za kuja Amerika, ambazo haziji. Harusi yetu aliiona kwenye simu, picha ikikatika-katika.

"Anajua kama uko huku juu?"

"Hajui, Mama. Angeogopa."

"Umupigie."

Nilitoa simu. Hakukuwa na mtandao hata kidogo. Mama aliichukua, akaitikisa, akaniambia nisimame pale karibu na moto yetu, nivue helmeti ili uso uonekane. Alinipiga picha, kidole chake kikiwa kwenye kona moja. Ninayo mpaka leo. Uso wangu una rangi ya majivu, nimetapika dakika chache nyuma, na ninacheka.

Kushuka kulikuwa rahisi, ila pikipiki ilianza kukohoa tena kwenye kona ya mwisho na kuzima. Nilifungua kifuniko, nikatoa plagi iliyokuwa nyeusi tii, nikaweka ile ya akiba. Mama alishikilia glavu zangu na kutazama. Ilipowaka alisema "Ehee!" kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Denver.

Mume wangu alikuwa amesimama maegeshoni, hajakwenda popote. Alitukimbilia. Kabla hajauliza kitu, Mama alimnyooshea simu yangu: "Tafuta namba ya mama yake. Mbio." Bujumbura ilikuwa tayari jioni. Mama yangu alipopokea, sikupata nafasi ya kusema hata neno. Mama mkwe wangu alijitambulisha, akamwambia, "Binti yako amenipandisha mulima," na wakaanza. Walizungumza wamesimama kwenye baridi, yaani mmoja wao, mpaka chaji ikaisha. Mume wangu na mimi tulikaa kwenye trela tukiwasikiliza, naye akanishika mkono waziwazi, mbele ya mama yake, ambaye hakuona au alijifanya hakuona.

Siku ya mwisho mume wangu alipanda yeye mwenyewe, asubuhi, bila abiria wala mzigo wowote, kwa barabara ileile ya msituni. Mimi na Mama tulibaki karakanani kwa fundi tukinywa chai na kuchungulia dirishani. Alichelewa. Mama alimwaga chai yake iliyopoa, akamimina nyingine, nayo ikapoa. Alisema huyu mtoto tangu zamani ukimtuma maji anakwenda kutafuta mto mwingine. Alisema hivyo akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Hatimaye tuliisikia kabla ya kuiona, ile sauti nyembamba ya kujikaza, na akatokea kati ya misonobari, mkubwa juu ya kitu kidogo, ndevu nyeupe kwa barafu.

"Umefika kule?" Mama akamwuliza.

Midomo yake ilikuwa imeganda, hakuweza kujibu. Alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameshuka na kuisukuma mahali pawili, alituambia baadaye, na kwenye ule ukuta alijaribu mpaka akapoteza hesabu. Lakini alifika. Chai ilipomlegeza midomo alianza kusimulia aliyoyaona, mwamba mmoja baada ya mwingine, na hakunyamaza mpaka tulipotoka milimani na tambarare ikaanza.

Louisville tulimkuta wifi mlangoni, mikono kiunoni. Mama alishuka, akampita, akaenda moja kwa moja jikoni kuwaambia wanawake wa kwaya waliokuja kumwona. Mlima uliongezeka urefu mlemle jikoni. Nilisikia akisema theluji ilifika shingoni, na kwamba mkwe wake anatengeneza injini kama mwanaume. Nilisimama sebuleni na mabegi, sijui nikae wapi. Akaniita kwa sauti. Wanawake walisogea kwenye benchi, na Mama akaniwekea sahani mbele yake, ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaendelea na hadithi yake nami nikala.

Pikipiki ile tulikaa nayo majira mengine mawili, kisha mtoto akaja na mume wangu akaigawa pikipiki kwa kijana mmoja wa kiwandani aliyekuwa na shamba. Mama yangu bado yuko Bujumbura. Yeye na mama mkwe wangu hupigiana simu kila Jumamosi, na mimi habari za kwetu nazipata kutoka Louisville.